Nani Anayefundishwa na Runinga ya Kijiji?

Aghalabu vinapotajwa vipindi vya runinga vya kuendeleza jamii za shamba, na hasa zile jamii za makabila ambazo barabara ilichelewa kuzifikia na shule ikachelewa zaidi, fikira za wasemaji huelekea upande mmoja tu, nao ni upande wa mtazamaji. Humsawiri mkulima ameketi chini jioni, hajui kitu, anangoja kujuzwa. Na mtayarishaji humsawiri kuwa mwalimu ambaye, akiisha kusema kwa lugha nyepesi na kuonyesha picha nzuri, ametimiza wajibu wake. Rai hii nimeisikia kwa mabwana wa wizara, kwa wafadhili na, la kusikitisha zaidi, kwa vijana ninaowafundisha kazi ya kutengeneza vipindi. Siikubali. Kauli yangu leo ni kwamba kipindi cha maendeleo kinaposhindwa kijijini, mara nyingi mtazamaji alikuwa amekifahamu barabara, ila hakuwa na la kufanya kwa fahamu ile, maana jambo alilofundishwa lilikuwa katika mamlaka ya mtu mwingine ambaye kipindi hakikumtaja, hakikumwita wala hakikumwuliza. Runinga ya kijiji ina wanafunzi wawili, mwanakijiji na ofisa, na huyu wa pili ndiye anayekosa darasa kila siku.

Ushahidi wangu nautoa India, kwa kuwa ni nchi chache mno zilizoijaribu kazi hii kwa muda mrefu na kwa upana kama ile. Runinga ilianza Delhi mwaka 1959, na tarehe 26 Januari 1967 kikaanzishwa kipindi cha wakulima kiitwacho Krishi Darshan, kikaonyeshwa katika vijiji 80 vya kandokando ya mji huo. Lakini jambo kubwa lilikuja baadaye. Vikram Sarabhai, mwanafizikia aliyeasisi mpango wa anga wa India, alishikilia kwamba nchi maskini haina sababu ya kungoja minara ya matangazo ijengwe mmoja mmoja kwa makumi ya miaka, ikiwa setilaiti moja yaweza kuifikia nchi yote kwa siku moja. Na kwa hoja hiyo akapata mapatano na idara ya anga ya Marekani, NASA, mwaka 1969, ingawa mauti yalimfika mwishoni mwa 1971 kabla hajayaona matunda. Setilaiti ile, ATS-6, ilihamishwa hata ikasimama juu ya ikweta kwenye nyuzi 35 za mashariki, yaani juu ya ardhi ya Kenya ya magharibi, na kutoka huko, juu ya vichwa vya watu ambao wengi wao hawakuwa na habari nayo, ikawa inatuma picha kwenye vijiji vipatavyo 2,400 vya India, katika wilaya 20 za majimbo sita, tangu tarehe 1 Agosti 1975 hata tarehe 31 Julai 1976. Kila kijiji kilipewa runinga moja ya umma na antena ya upana wa mita tatu hivi, iliyosukwa kwa wavu wa waya wa kufugia kuku. Matangazo yalikuwa ya saa nne kwa siku, asubuhi kwa watoto wa shule na jioni kwa watu wazima, kwa Kihindi, Kioriya, Kitelugu na Kikannada.

Kwa upande wa ufundi, kazi ile ilifaulu kiasi cha kuwastaajabisha hata waliokuwa na shaka, na wahandisi wa India walistahili kila sifa waliyopewa. Mimi huvutwa zaidi na yale waliyoyaona wachunguzi, ambao baadhi yao walikwenda kuishi vijijini mwaka huo ili watazame watazamaji. Waliona kwamba katika elimu ya afya na chakula, waliopata faida zaidi ni wanawake na watu wasiojua kusoma, yaani wale wale ambao watu wa mjini hudhani hawafundishiki. Waliona pia kwamba kuandikishwa na kuhudhuria kwa watoto shuleni hakukubadilika sana kwa ajili ya runinga. Na katika kilimo waliona jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingetosha peke yake kubadili namna ya kutengeneza vipindi duniani kote: wakulima waliyashika yale mashauri ambayo hayakudai gharama mpya wala msaada wa mtu wa nje, na yaliyobaki waliyatazama, wakayaelewa, wakayaacha.

Jambo hilo lafaa kuchambuliwa polepole. Yako mashauri ambayo mtu aweza kuyatenda kwa mikono yake na vitu vilivyo nyumbani mwake: achemshe maji, afyeke majani yaliyozunguka nyumba, asimnyime mama mzazi maziwa wala mboga. Na yako mashauri ambayo hayatendeki ila mtu wa pili atende kwanza: mbegu bora haipandwi kama duka la ushirika halinayo, chanjo haichanjwi kama muuguzi haji, na mkopo hauombwi kama karani wa benki anadai hati ya shamba ambayo ofisi ya ardhi haijaitoa tangu enzi ya babu. Mtayarishaji anayeyachanganya mashauri haya mawili katika kipindi kimoja, akayasema yote kwa sauti ile ile ya kuhimiza, anamtwisha mwanakijiji lawama isiyo yake. Tanzania iliwahi kulionyesha hili kwa redio, katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, kila kikundi kina kiongozi wake na kijitabu chake. Vyoo vikachimbwa kwa wingi, mazalio ya mbu yakafukiwa, na mwisho wa kampeni kila mtu aliweza kuliona tendo lake kwa macho. Watu huitaja kampeni ile kuwa dalili ya nguvu ya redio. Ilikuwa na nguvu, lakini nguvu hiyo ilipata bahati ya kuelekezwa kwenye mambo ambayo jembe, maji na mikono ya wasikilizaji vilitosha kuyatimiza. Kampeni ile ile, laiti ingaliwahimiza watu wanunue dawa ambayo haikuwako zahanati, ingalizaa manung'uniko matupu.

Basi kwa mashauri ya namna ya pili kipindi hakina budi kugeuka. Badala ya kumwambia mkulima atumie mbegu fulani, kimwulize ofisa wa kilimo, mbele ya mkulima, mbegu ile itafika lini, itauzwa wapi na kwa bei gani. Mfano wa kwanza mzuri wa mgeuko huu ulitokea katika wilaya ya Kheda, jimbo la Gujarat, mwaka ule ule wa setilaiti. Katika kijiji cha Pij ulisimamishwa mtambo mdogo wa kurushia matangazo, wa kilowati moja, na runinga za umma mia chache zikagawanywa katika vijiji vya karibu, nyingi zikiwekwa kwenye majengo ya vyama vya ushirika wa maziwa, ambavyo wilaya ile ni mashuhuri kwavyo. Kwa kuwa mtambo ulikuwa mdogo, hadhira yake ilikuwa ndogo na yenye lugha moja. Na kwa kuwa hadhira ilikuwa ndogo, watayarishaji waliweza kutaja mambo kwa majina yake. Walitengeneza tamthilia na mazungumzo juu ya ujira wa vibarua wasio na ardhi uliokuwa chini ya kima cha sheria, na juu ya watu waliotengwa kwa ajili ya tabaka lao, na wanakijiji wenyewe wakawa waigizaji na watoa hadithi. Isisahauliwe kwamba hali ya hatari ilikuwa imetangazwa nchini mwezi Juni 1975, na matangazo yote yalikuwa mikononi mwa serikali; hivyo kumwonyesha mwenye shamba akipunja ujira, na mwenye shamba mwenyewe ameketi miongoni mwa watazamaji, kulikuwa ujasiri usio mdogo. Mradi wa Kheda ulitunukiwa tuzo ya UNESCO ya mawasiliano ya vijijini mwaka 1984, na mwaka uliofuata mtambo ukaondolewa Pij, juu ya malalamiko ya watazamaji, kwa maslahi ya miji mikubwa. Tuzo haikuulinda.

Mfano wa pili unahusu moja kwa moja jamii za makabila, nao ni Jhabua, wilaya ya vilima katika jimbo la Madhya Pradesh, ambako walio wengi kabisa ni Wabhili na jamaa zao, na ambako wakati wa hesabu ya watu ya 1991 aliyejua kusoma alikuwa chini ya mtu mmoja katika watano. Tarehe 1 Novemba 1996 idara ya anga ya India, kwa mkono wa kitengo chake cha mawasiliano ya elimu kilichoko Ahmedabad, ilianza kurusha vipindi vya jioni vya hifadhi ya maji na udongo, afya, mifugo, misitu, elimu na mabaraza ya vijiji. Vijiji 150 vilipewa vyombo vya kupokelea, na katika makao makuu ya tarafa 12 vikawekwa vyombo vya kujibia, ambavyo kwavyo mtu aliyeko Jhabua aliweza kumwuliza mtaalamu aliyeketi studio, mamia ya kilomita kutoka hapo, na kusikia jawabu papo hapo. Mwezi uliofuata Bunge la India likapitisha sheria iliyoyapa mabaraza ya vijiji katika maeneo ya makabila kauli juu ya mazao madogo ya misitu na juu ya mambo mengine ya ardhi na maji. Kwa hiyo, kwa sadfa njema, watu walipewa haki na chombo cha kuulizia haki hiyo karibu wakati mmoja.

Naisifu tadbiri hiyo kwa moyo wote, kisha nasema ilikuwa nusu. Masikio yalikuwa 150, vinywa vilikuwa 12. Mwanamke wa kijiji cha mbali, ambaye swali lake ndilo lililokuwa zito, hakuweza kuiacha nyumba na watoto akaenda makao makuu ya tarafa kwa ajili ya dakika moja ya kusema. Aliyeweza ni mfanyakazi wa mradi, mwalimu, mjumbe wa baraza. Tena kijiji cha Wabhili si nyumba zilizosongamana kama vijiji vya uwandani. Kimetawanyika katika vitongoji, kila nyumba juu ya kilima chake na shamba lake mbele, na runinga iliyowekwa shuleni au katika jengo la baraza ni ya kitongoji kilicho jirani nayo. Walioko ng'ambo ya korongo watafika usiku gani, na kwa njia ipi? Kadhalika mvua zikiisha na mavuno yakiingia, maelfu ya wenyeji hufunga safari kwenda Gujarat kufanya vibarua vya ujenzi, mume na mke na mtoto mchanga mgongoni, na wengi hawarudi hata karibu na sikukuu ya Holi, mwezi wa Machi. Kipindi cha malezi ya mimba kinachorushwa mwezi wa Januari kitawakuta wazee na mbuzi. Mambo haya mtu hayapati katika maktaba ya Ahmedabad, wala hayapati kwa safari ya kutwa moja ndani ya gari la ofisi; huyapata kwa kukaa, tena kwa kukaa kabla ya kuandika neno la kwanza la mswada.

Sasa nije kwenye dhana zinazoniudhi. Ya kwanza ni kwamba watu wa makabila hawajui kusoma picha. Kila mwenye kuisema hutoa kisa kile kilichosimuliwa na Mwingereza John Wilson na kikapewa umaarufu na Marshall McLuhan mwaka 1962: filamu ya usafi ilionyeshwa katika kijiji cha Kiafrika, na watazamaji walipoulizwa wameona nini wakajibu kwamba wameona kuku. Watu hucheka. Mimi husikitika kwamba hawakumaliza kukitafakari kisa chenyewe, kwani walioitengeneza filamu hawakujua kama imo kuku, na walipoichungua picha baada ya picha walimkuta kweli, amepita pembeni kwa nukta chache. Nani basi aliyeitazama filamu ile kwa makini zaidi? Ni kweli kwamba asiyezoea sinema huweza kutatizwa na picha inayorukia siku zilizopita bila ya onyo, au na inzi aliyekuzwa hata akajaza kioo kizima. Lakini tatizo hilo ni la majuma machache, na dawa yake ni mhariri mwenye subira.

Ya pili ni dhana kwamba lugha moja yatosha. Mtayarishaji huwasili kijijini, huzungumza Kihindi na wanaume waliowahi kwenda kufanya kazi mijini, nao humjibu vizuri, naye hurudi studio akiamini kwamba Kihindi kinaeleweka. Wanawake waliobaki kimya nyuma ya waume zao, ambao Kibhili ndiyo lugha yao ya kulea, kulima na kuuguza, huwahesabu kuwa ni wenye haya. Kipindi cha kumnyonyesha mtoto kikisemwa kwa lugha ya wanaume, kimewafundisha wanaume kunyonyesha.

Ya tatu hujivika heshima, nayo ni kudhani kwamba kuonyesha ngoma za watu ni kuwaheshimu. Kamera hufika Jhabua wakati wa masoko ya Bhagoria, kabla ya Holi, hupiga picha vikuku vya fedha na filimbi, na magazeti ya mjini huyaeleza masoko hayo kana kwamba ni mnada wa wachumba, jambo ambalo Wabhili wenye kalamu wamelikanusha mara nyingi. Ikiwa mtayarishaji anataka jambo la asili lenye manufaa, achukue halma, ile desturi ya Wabhili ya kuitana kufanya kazi kwa pamoja bila malipo mwenzao anapozidiwa, ambayo mwambao wetu nao hauko mbali nayo kwa mila ya ujima. Desturi hiyo imekwisha kutumika katika vilima vya Jhabua kuchimba makingamaji ya kuzuia maji ya mvua yasichukue udongo. Hapo kipindi kina kisa, kina watu, kina kazi inayoonekana, na kina mambo ya kumwuliza ofisa wa misitu, ambaye ardhi ya kilima ile ile imo katika daftari lake.

Kuna pia wanaosema kwamba simu ya mkononi imeiondoa haja ya haya yote. Simu imeleta urahisi mkubwa, sikatai. Data imekuwa rahisi India tangu 2016, na kijana wa Kibhili aliyeko mjini Surat, Gujarat, hutazama atakacho. Lakini simu hutazamwa na mtu mmoja, na aghalabu mtu huyo ni mwanamume. Runinga ya umma, pamoja na ila zake zote, iliwafanya watu wengi wasikie jawabu moja kwa wakati mmoja, na ofisa aliyetoa ahadi akawa amewaahidi watu mia wanaojuana. Ahadi ya namna hiyo ni nzito kuitangua.

Kwa mintarafu ya tiba, naanza na mpangilio wa fedha, kwa kuwa huko ndiko nia hujulikana. Bajeti nyingi nilizopata kuzisoma hutoa sehemu kubwa kwa kamera, studio na muda wa setilaiti, na sehemu ndogo kwa utafiti wa mwanzo, na sehemu isiyo na jina kwa yale yanayofuata baada ya runinga kuzimwa. Mimi ningaligawa mafungu matatu yaliyo sawa: la kukaa na watu kabla, la kutengeneza, na la kufuatilia. Kamera ya kawaida na mpiga picha aliyezaliwa tarafa ile vyatosha. Mradi wa Digital Green, ulioanza India mwaka 2006, ulifanya hivyo kwa video fupi ambazo wakulima wa mahali pale ndio wahusika wake, zikionyeshwa kwa kikundi kidogo na mtu wa kijiji aliyefunzwa kuisimamisha picha, kuuliza, kusikiliza na kuendelea. Ikatambulikana kwamba watazamaji, kabla ya kuuliza habari za mbolea, huuliza jina la mkulima wanayemwona na kijiji chake. Swali hilo lina hekima: wanataka kujua kama shamba lake ni la mawe kama lao, na kama ana ng'ombe wa kukopwa au wa kwake.

Lililo la maana kuliko yote ni daftari la maswali. Kila kikundi cha kutazama kiwe na mtu mwenye kuandika, au wasipopatikana wenye kuandika, kiwe na chombo cha kunasia sauti, na maswali yakusanywe kila juma katika mafungu mawili kwa kipimo nilichokitaja: yale ambayo watu waweza kuyatimiza wenyewe, na yale yanayomngoja mwingine. Ya fungu la kwanza yajibiwe na wakulima wenzao na wakunga wazoefu, wala si lazima mtaalamu aje. Ya fungu la pili yapelekwe kwa maandishi kwa ofisi inayohusika, na kipindi kisome barua, kisome tarehe iliyopelekwa, kisha kisome jawabu. Jawabu lisipokuja, isomwe barua ile ile juma la pili na tarehe yake ile ile, bila ya matusi na bila ya kejeli, kwa sauti ya mtangazaji ya kawaida.

Nimekwisha kuambiwa kwamba maofisa hawatakubali, na kwamba kituo cha serikali hakitaweza kuwauliza watumishi wa serikali. Kheda kiliweza, katika mwaka mgumu kuliko mingi. Na ofisa mwema hufaidika pia, kwani mwenye kuzuia mbegu mara nyingi si yeye, ni mkubwa wake wa makao makuu ya jimbo, naye hupata kwa swali la hadharani hoja ambayo ripoti zake kumi hazikumpa. Kitu kimoja tu ningaliongeza kwa watakaolijaribu. Maofisa wa wilaya huhamishwa mara kwa mara, na ahadi nyingi huondoka nao ndani ya masanduku yao; kwa hiyo jawabu linalosomwa runingani liandikwe kwa jina la ofisi pamoja na cheo, liwekwe katika daftari la baraza la kijiji, na ofisa mpya anapowasili, kipindi chake cha kwanza na watu kiwe ni kusomewa yale ambayo ofisi yake imekwisha kuahidi.